Kivuli cha Mwembe Si Sawa na Kivuli cha Bati

Saa nne asubuhi, kwenye vituo vya daladala visivyo na paa jijini Dar es Salaam, utawaona abiria wamejipanga mstari mmoja mwembamba. Hakuna aliyewapanga. Wamefuata kivuli cha nguzo ya umeme. Hakitoshi mabega ya mtu mzima, lakini wapo hapo, bega moja kivulini na jingine juani, na kivuli kikisogea nao wanasogea. Mita hamsini mbele, chini ya mkungu, kuna kijiwe cha bodaboda, muuza kahawa, fundi viatu, mama anayemenya machungwa na mzee mwenye meza ya magazeti. Huko hakuna mstari. Kuna watu wanaofanya kazi, wanaouza, wanaongoja na wanaobishana kuhusu Simba na Yanga.

Mwili wa binadamu unajua jambo ambalo utabiri wa hali ya hewa haulisemi. Redioni tunaambiwa leo joto litafika nyuzi 32 za Selsiasi. Kipimajoto ukikitundika chini ya ule mkungu, huenda kikasoma nyuzi 31, au 30 na nusu. Ukikisikiliza hicho peke yake utasema mti haujafanya kazi ya maana. Mbona basi mtu akitoka juani na kuingia chini yake hushusha pumzi, akafungua kifungo cha shati, akatafuta mahali pa kukaa? Wanasayansi wanaochunguza hali ya hewa ya mijini wamelishughulikia sana swali hili katika miaka ya karibuni, na walichokipata kinatulazimu kuuhesabu upya mti wa barabarani.

Jibu liko kwenye mionzi. Joto la hewa ni njia moja tu kati ya zile zinazotufikishia joto mwilini. Kituo cha hali ya hewa hukifungia kipimajoto chake ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, makusudi, ili jua lisikiguse. Sisi hatuishi kisandukuni. Adhuhuri, anga likiwa halina wingu, kila mita ya mraba iliyoelekea jua hupokea karibu wati 1,000, nguvu inayokaribiana na ya pasi ya umeme iliyowashwa. Hilo ni jua lenyewe. Chini yako iko lami, ambayo uso wake ukikaa juani huweza kupita nyuzi 60, nayo hurusha juu mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Ukuta wa kando hurusha yake, na bodi la gari lililoegeshwa hurusha yake. Hewa inaweza kuwa nyuzi 32, lakini mzigo unaoubeba mwili ni mkubwa kuliko namba hiyo.

Mjini Tempe, katika jimbo kame la Arizona nchini Marekani, mtafiti Ariane Middel na wenzake walitengeneza kigari kidogo cha kukokota walichokiita MaRTy. Kigari hicho kimebeba vifaa vinavyopima mionzi kutoka pande sita kwa wakati mmoja: juu, chini, mbele, nyuma, kulia na kushoto, jinsi mwili wa mtu aliyesimama unavyoipokea. Wakakikokota njiani, uwanjani, chini ya miti, kando ya majengo na chini ya vivuli vilivyotengenezwa na binadamu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021 yaliweka wazi kwamba vivuli havilingani. Kwa kipimo hiki cha mionzi, kinachosomwa kwa nyuzi za joto, tofauti kati ya juani na kivuli kizuri wakati wa mchana huweza kuzidi nyuzi 20, hata pale hewa yenyewe inapokuwa imepoa kwa nyuzi moja tu. Hiyo ndiyo pumzi anayoishusha mtu akifika chini ya mkungu.

Mwalimu wa sayansi anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila maabara. Mpira wa tenisi ya mezani upakwe rangi nyeusi isiyong'aa, utobolewe, na kipimajoto chembamba kiingizwe hadi katikati yake. Utundikwe juani robo saa, usomwe. Kisha uhamishiwe chini ya mwembe wa shule, usomwe tena. Pembeni kiwepo kipimajoto cha kawaida kilichokingwa jua. Cha kawaida kitabadilika kidogo, mpira mweusi utabadilika sana. Tufe jeusi la namna hii limetumika kupimia mionzi ya joto tangu miaka ya 1930.

Lakini bado hatujafika kwenye kiini. Kama kazi ya kivuli ni kuzuia jua, bati nalo linazuia jua, tena halipitishi hata chembe ya mwanga. Kwa nini mama lishe aliyejenga kibanda cha mabati huhamisha benchi zake saa saba mchana na kuzipeleka chini ya mti?

Bati likikaa juani huchemka. Likifika nyuzi 60, upande wake wa chini huweza kurusha hadi takribani wati 700 kwa kila mita ya mraba kuelekea vichwa vya walioketi. Ngozi ya mtu, yenye nyuzi 34 au 35, hurusha takribani 500. Kwa hiyo kinachoshuka ni kikubwa kuliko kinachopanda, na aliyekaa chini ya bati anaendelea kupashwa joto ingawa jua halimgusi. Turubai jembamba lililobanwa juu ya meza lina shida hiyohiyo.

Jani halichemki hivyo, kwa sababu jani lina maji. Uso wake una vitundu vidogo sana, stomata, ambavyo hufunguka ili kuvuta hewa ya ukaa na papo hapo kuachia mvuke. Kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la karibu uniti 0.68, uniti hizihizi za umeme tunazonunua kwa Luku. Mti mkubwa ulioshiba maji unaweza kutoa lita 100 au zaidi kwa siku moja, yaani joto la uniti 68 linaloondolewa majanini. Kiyoyozi cha chumba cha BTU 12,000 kingehitaji kufanya kazi kwa nguvu yake yote kwa saa 19 ili kuhamisha joto kiasi hicho. Tena kiyoyozi hulitoa joto ndani kwa mwenye nyumba na kulimwagia mpita njia nje ya dirisha. Mti haumwagii mtu.

Hapa inafaa tusijidanganye. Sehemu kubwa ya ubaridi huo huchukuliwa na upepo, ndiyo maana kipimajoto cha hewa chini ya mti mmoja hakishuki sana. Faida kubwa kwa aliyeketi ni kwamba dari lililo juu yake limebaki na joto linalokaribiana na la hewa. Katika mwembe majani yako tabaka juu ya tabaka. La juu kabisa linapigwa na jua, la pili linapata mabaki, na yale ya chini unayoyaona ukiinua uso hayajui habari za jua. Yanakurushia karibu kiasi kilekile cha joto unachoyarushia. Mwili unapata nafasi ya kupumzika.

Na mwili wa mtu wa pwani unaihitaji nafasi hiyo kuliko wa mtu wa Arizona. Kule hewa ni kavu, jasho hukauka upesi na kuupoza mwili. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, hewa tayari imejaa unyevu, jasho linachuruzika badala ya kukauka, na jasho linalochuruzika halipozi kitu. Njia kuu ya mwili kujipoza ikiwa imezibwa nusu, kilichobaki ni kupunguza joto linaloingia. Hapo naona sayansi imewapa haki watu ambao hawajasoma karatasi hata moja ya utafiti: dereva wa bodaboda, muuza madafu, fundi baiskeli. Wao walichagua sehemu zao za kazi kwa ngozi zao, na hawakukosea.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya mipango miji vilivyoandikwa Ulaya havitusaidii. Katika London au Paris jua haliji utosini hata katikati ya kiangazi. Huja kwa mshazari, na ukuta wa jengo hutupa kivuli barabarani kwa muda mrefu wa siku. Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya kichwa kabisa, na ghorofa refu kuliko yote mjini halimpi mpita njia kivuli cha kusimama. Hata miezi mingine, katikati ya mchana kivuli cha ukuta huwa kifupi.

Wazee wa miji ya Waswahili walilimaliza tatizo hili kwa kubana njia. Ukipita Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, nyumba za ghorofa zimekaribiana hata jua hupata muda mfupi tu wa kuchungulia chini. Penye uwazi palipandwa mti au uliachwa uliokuwepo, na mahali pakachukua jina lake: Mkunazini, Mnazi Mmoja, na Mwembe Tayari ya Mombasa. Leo tunajenga barabara za njia nne na sita, kuta zimekaa mbali, na yule anayevuka kwa miguu yuko uwanjani. Hapo kinachoweza kumfunika ni kitu kilichotanda juu ya kichwa chake, na kwa gharama tunazozimudu kitu hicho ni mti.

Mti upi? Sielewi kwa nini kila barabara mpya lazima ipambwe kwa mitende. Mtende unapendeza pichani, lakini majani yake yako juu sana, yamekusanyika kileleni, na kivuli chake kinaangukia katikati ya barabara mahali ambapo hakuna anayetembea. Ashoki nayo, ile iliyonyooka kama mlingoti ambayo imejaa kwenye kuta za nyumba zetu, ni nzuri kwa kuziba macho ya jirani tu. Mkungu unavumilia mchanga na upepo wa chumvi, na matawi yake hutanda ubapa, ghorofa kwa ghorofa. Mkrismasi una mwavuli mpana, ila hupukutisha majani wakati wa ukame. Mwembe ndio wenye kivuli kizito, ingawa mwenye gari atalalamika msimu wa maembe, na watoto wenye mawe nao wana mambo yao. Mwarobaini hukua upesi na hustahimili kiu. Wale waliokwenda Hija huenda waliuona kwenye uwanja wa Arafat, ambako imepandwa miarobaini ipatayo 50,000 kwa ajili ya kuwafunika mahujaji. Nchi yenye fedha za kujenga paa la aina yoyote ilichagua, pale, kupanda mti ambao bibi zetu huchemsha majani yake.

Mti mmoja humhudumia aliye chini yake. Ili mtaa mzima upoe, hewa yenyewe ipungue joto, miti inabidi iwe mingi na iwe karibu karibu. Carly Ziter na wenzake walilipima hilo mjini Madison, Wisconsin, kwa njia ninayoipenda: walifunga vipimajoto kwenye baiskeli na kuzunguka mjini majira ya joto, mara kwa mara, njia zilezile. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba ubaridi wa mchana haupandi kwa mstari ulionyooka kadiri miti inavyoongezeka. Faida kubwa huanza kuonekana pale matawi na majani yanapofunika zaidi ya asilimia 40 ya eneo lenye ukubwa wa mtaa mmoja hivi, mita 60 hadi 90 kutoka pale uliposimama. Hatuna sababu ya kudhani namba hiyo itakuwa ileile Sinza ya Dar es Salaam au Kisauni ya Mombasa, maana jua na hewa ni tofauti. Lakini wazo linabaki: miti kumi iliyotawanywa kata nzima na miti kumi iliyofuatana kwenye njia moja ya kwenda sokoni si kitu kimoja.

Na nyasi hazichukui nafasi ya miti. Utafiti wa mwaka 2021 uliotumia vipimo vya satelaiti kwa miji 293 ya Ulaya ulikuta kwamba maeneo ya miti yanapoza uso wa ardhi mara mbili hadi nne zaidi ya maeneo ya kijani yasiyo na miti. Bustani iliyozungushiwa uzio, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na bango la kukataza kukanyaga, haimsaidii mtu saa saba mchana.

Tunazungumza juu ya raha, lakini jambo hili lina vifo ndani yake. Mwaka 2023 jarida la tiba la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti walioongozwa na Tamara Iungman wa taasisi ya ISGlobal ya Barcelona. Waliichunguza miji 93 ya Ulaya katika majira ya joto ya mwaka 2015 na kukadiria kwamba vifo zaidi ya 6,700 vilitokana na lile joto la ziada ambalo miji huwa nalo kuliko mashamba yanayoizunguka. Miti ilikuwa inafunika wastani wa asilimia 15 hivi ya miji hiyo. Kama ingefikishwa asilimia 30, walikadiria vifo 2,644 vingezuilika, na hiyo ni kwa kushusha joto la hewa kwa wastani wa nyuzi 0.4 tu.

Kwetu vipimo vya namna hiyo ni vichache, lakini vipo. Jijini Nairobi, msimu wa joto wa 2015 na 2016, watafiti waliweka vipimajoto kwenye mitaa ya mabanda ya Kibera, Mathare na Mukuru. Walikuta joto la huko liko juu kwa nyuzi kadhaa kuliko lile linaloandikwa na kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, chenye majani na miti. Kwa maneno mengine, namba inayosomwa kwenye taarifa ya habari ni ya mtu mwingine. Mkazi wa Mathare, chini ya bati, kwenye kichochoro kisicho na jani, ana hali ya hewa yake peke yake.

Tofauti hii haikuzuka yenyewe. Miji yetu mingi ilichorwa na wakoloni kwa mafungu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Viwanja vipana na barabara zenye miti vilikwenda Uzunguni. Oysterbay ya Dar es Salaam na Muthaiga ya Nairobi bado zina vivuli vile, na Manzese ya Dar es Salaam na Eastlands ya Nairobi bado hazina. Marekani nako, mwaka 2020, watafiti waliitazama miji 108 na kukuta kwamba katika karibu yote, asilimia 94, mitaa iliyonyimwa mikopo ya nyumba miaka ya 1930 kwa sababu ya rangi za wakazi wake ndiyo yenye joto zaidi hata sasa. Mchoro wa karatasi wa zamani unasomeka leo kwa kipimajoto.

Kwa hiyo mti mkubwa unapokatwa, hesabu yake ifanywe kwa haki. Tumezoea kuambiwa kwamba ukikatwa mmoja watapanda kumi. Tuchukue mti wenye matawi ya upana wa mita 12. Chini yake kuna mita za mraba 113 za kivuli. Mche wenye matawi ya upana wa mita moja hufunika chini ya mita moja ya mraba. Ili kulipa kivuli cha siku ile uliyouangusha mwembe ule, ungehitaji miche zaidi ya 140, si kumi, na yote iwe haijaliwa na mbuzi. Miaka ya katikati, mpaka miche ikue, inalipwa na muuza kahawa na wateja wake.

Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa inajengwa, mti mkubwa wa mugumo wa pembezoni mwa barabara ya Waiyaki Way ulikuwa uondolewe. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa tamko la kuulinda. Mugumo ulipona kwa sababu Wakikuyu wanauheshimu na kwa sababu ulikuwa mkubwa na maarufu. Mkungu wa kituo cha daladala hauna tamko la rais. Ningependa kuona kila mradi wa barabara ukilazimika kuandika, kwenye karatasi ileile ya gharama za lami na mifereji, ni mita ngapi za mraba za kivuli zinaondolewa na zitarudishwaje.

Mengine yako mikononi mwetu. Tunaua miti bila shoka. Tunamwaga zege hadi kwenye shina, mizizi inakosa maji na hewa, stomata zinafungwa kwa kiu na mti unaacha kupoza hata kabla haujakauka. Tunachoma taka chini yake. Ganda likiungua kuzunguka shina lote, njia ya kushusha chakula mizizini imekatika. Mti ulio mtaani uachiwe walau mita moja ya udongo wazi kila upande, na ukipunguzwa yaanze matawi ya chini yanayozuia njia, kilele kibaki.

Anayetaka kupanda pwani apande masika yanapoanza, mwezi Machi, na ajipange kumwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili, kwa sababu miche mingi inayopandwa kwenye sherehe hufa hapo. Nyumbani, upande wa kuanza nao ni magharibi. Jua la utosini huzuiwa na paa, lakini kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni hupiga ukuta wa magharibi moja kwa moja, na ukuta ule huendelea kutoa joto chumbani hadi usiku, watu wakiwa wamelala. Mwarobaini mmoja hapo, mita tano au sita kutoka ukutani, mbali na karo na bomba la maji, unatosha kuanzia.